Tacitus, Mwandishi wa Hofu ya Roma

Publius Cornelius Tacitus alizaliwa yapata mwaka 56 B.K., Nero akiwa kaisari. Alipanda ngazi za utumishi hadi akawa konsuli mwaka 97, na baadaye gavana wa jimbo la Asia, magharibi mwa Uturuki ya leo. Mambo ya madaraka, basi, hakuyapata kwa kusimuliwa. Alikuwa seneta chini ya Domitianus, mtawala wa vitisho aliyeuawa mwaka 96.

Miaka miwili baada ya kifo hicho alitoa kitabu kifupi kuhusu baba mkwe wake Agricola, jenerali aliyeongoza majeshi ya Roma huko Uingereza. Humo anakiri jambo zito: maseneta walipouawa, wenzao waliobaki, naye akiwemo, walishiriki kwa kunyamaza. Ungamo hilo ndilo ufunguo wa maandishi yake yote. Tacitus haoni dhalimu peke yake. Anawaona pia wanaompisha.

Katika Annales, historia ya miaka ya 14 hadi 68, anaanza na kifo cha kaisari Augustus. Maseneta wanakimbilia kumnyenyekea mrithi wake Tiberius, na mwenye cheo kikubwa ndiye anayezidi kuigiza: asionekane amefurahia msiba, wala kuhuzunikia mrithi. Tacitus anaeleza kwamba hata Tiberius mwenyewe alikuwa akitoka kikaoni akilalamika kwa Kigiriki jinsi watu hao walivyo tayari kuwa watumwa.

Sheria ya kulinda heshima ya dola iligeuka mtego, kwani mshtaki aliyeshinda aligawiwa mali ya mshtakiwa. Uchongezi ukawa kazi yenye kipato. Kisa cha Titius Sabinus, rafiki mwaminifu wa familia ya Germanicus, mtoto wa kupanga wa Tiberius, kinaonyesha ulivyofanyika. Maseneta wanne walitaka ukonsuli, na njia ya kuupata ilipitia kwa Sejanus, mkuu wa walinzi wa kaisari. Mmoja wao, Latinius Latiaris, akajifanya mwandani wa Sabinus, akamvuta chumbani na kumchokoza hadi akamwaga ya moyoni. Watatu waliobaki walikuwa wamejibanza kati ya paa na dari, masikio yao yamebandikwa kwenye nyufa. Sabinus aliuawa mwanzoni mwa mwaka 28. Baada ya hapo, anasema Tacitus, watu waliogopa hata kuta na dari.

Wanahistoria wa sasa wanaona amemkandamiza Tiberius kupita kiasi, na wana haki. Kila tendo la kaisari huyo analitafutia nia mbaya. Lakini katika kueleza jinsi hofu na tamaa zinavyomgeuza mtu wa heshima kuwa mchongezi, ni wachache waliomfikia.

Aliamini pia kwamba maandishi hayazimiki kwa moto. Mwaka 25 Cremutius Cordus, mwanahistoria aliyewasifu Brutus na Cassius, wauaji wa Julius Caesar, alishtakiwa, akajiua kwa kujinyima chakula. Seneti ikaamuru vitabu vyake vichomwe, lakini nakala zilifichwa na baadaye zikasomwa tena.

Maandishi ya Tacitus mwenyewe yaliponea chupuchupu. Sura sita za kwanza za Annales zimetufikia kupitia nakala moja tu ya karne ya 9, nayo ina pengo, na zile za mwisho kupitia nyingine ya karne ya 11. Zote mbili zimehifadhiwa Florence. Sura za 7 hadi 10, zilizosimulia utawala wa kaisari Caligula, hazijapatikana.