Wagonjwa wa Figo Bugando: Tiba, Mafunzo, Utafiti na Wajibu Wetu

Juu ya kilima cha Bugando jijini Mwanza ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ndiyo pia hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya na Shirikishi (CUHAS), kilichoanza mwaka 2003. Wengi wetu katika Kanda ya Ziwa tumewahi kumsindikiza ndugu huko, na miongoni mwa safari zinazozielemea familia kwa muda mrefu ni ile ya mgonjwa wa figo.

Ugonjwa wenyewe

Figo huchuja taka katika damu, hurekebisha maji na chumvi mwilini, na husaidia kutengeneza damu. Adui zake wakuu ni kisukari na shinikizo la juu la damu. Mengine ni maambukizi, pamoja na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu pasipo ushauri wa daktari. Ugonjwa huu hunyemelea kimya kimya. Uchovu, kichefuchefu na kuvimba miguu mara nyingi huonekana figo zikiwa zimekwisha kuharibika sana.

Tiba na mafunzo

Ukigundulika mapema, ugonjwa hupunguzwa kasi kwa dawa, chakula kinachofaa na kudhibiti sukari na shinikizo. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa juma, takriban saa 4 kila mara. Njia nyingine ni kupandikizwa figo, huduma iliyoanza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na kufuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018.

Katika hospitali ya kufundishia, mwanafunzi hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, chini ya uangalizi wa madaktari bingwa. Ujuzi huo huenda naye hadi hospitali za wilaya na za misioni, ambako mgonjwa angeweza kugunduliwa mapema.

Utafiti

Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima watu wazima 369 wenye kisukari waliohudhuria kliniki. Zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeutambua. Kipimo cha mkojo na cha kreatinini katika damu kingewafumbua macho.

Mafundisho ya Kanisa

Familia hutuuliza: je, ni halali kumpa ndugu figo? Naam. Kanisa hufundisha kwamba ni tendo la upendo, mradi mtoaji aridhie kwa hiari na hatari anayoikabili ilingane na manufaa yanayotarajiwa. Asishurutishwe, wala asionewe haya akikataa. Kuuza kiungo hakukubaliki. Mtakatifu Yohane Paulo II alilisisitiza hilo mbele ya wataalamu wa upandikizaji jijini Roma mwezi Agosti 2000.

Swali la pili ni chungu zaidi: je, mgonjwa akichoka na mashine? Katekisimu inafundisha kwamba kuacha tiba iliyo mzigo mzito usiolingana na matunda yake kwaweza kuwa halali, kwani ni kuipokea hali ya kufa, si kuua. Uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe akiwa na uwezo wa kuamua. Chakula, usafi, kutulizwa maumivu na kukaa naye havikomi kamwe.

Basi, wapendwa waamini, tuliye na kisukari au shinikizo tuombe kupimwa figo walau mara moja kwa mwaka. Jumuiya Ndogo Ndogo zichangie nauli na zipokezane zamu za kumsindikiza mgonjwa. Tena tumwite padre mapema: Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya kumtia nguvu aliye katika ugonjwa mzito, haungoji saa ya mwisho.