Mtengeneza Kofia na Mbuzi: Tanbihi ya Kihistoria kuhusu Tashbihi za Kiingereza

Katika kuwafundisha Kiingereza wasemaji wa Kihispania, aghalabu tashbihi huwasilishwa kama orodha ya visawe. Kwa baadhi yazo mbinu hii haina dosari kubwa. Mwingereza hulala kama gogo, na Mhispania vivyo hivyo, "dormir como un tronco". (Sisi tungemtaja pono.)

Tatizo huzuka pale kisawe kinapoifunika historia. Tuchukue "mad as a hatter", yaani kuwa na wazimu kama mtengeneza kofia. Orodha humpa mwanafunzi "estar como una cabra", kuwa kama mbuzi, na somo likaendelea. Lakini mbuzi ni mnyama tu. Kutajwa kwake hakumdhili mtu. Mtengeneza kofia ni binadamu, tena mfanyakazi. Katika karne ya 19, viwanda vya kofia vya Ulaya na Marekani vilitumia kemikali ya zebaki kuyatayarisha manyoya ya sungura ili yashikane. Wafanyakazi waliuvuta mvuke wake kwa miaka mingi, mikono ikawatetemeka, wakashikwa na haya zisizo na sababu na hasira za ghafla. Kule Danbury, Connecticut, mtetemeko huo uliitwa kwa jina la mji wenyewe. Marekani haikuikomesha zebaki katika kazi hiyo hadi mwaka 1941.

Hata hivyo, mhakiki asifanye pupa. Kwamba tashbihi hii ilizaliwa viwandani ni dhana yenye mvuto, lakini haijathibitishwa. Wala si zao la Lewis Carroll, ambaye kisa chake cha Alice kilichapishwa mwaka 1865. Thomas Chandler Haliburton wa Nova Scotia alikwisha kuitumia katika The Clockmaker, miaka ya 1830, na mhusika anayeelezwa pale ameghadhibika, hana kichaa. Neno "mad" hubeba maana zote mbili, na katika Amerika ya Kaskazini ile ya hasira ingali imeenea mno. Kihispania huzitenga: "loco" ni mwenye wazimu, "enojado" ni aliyekasirika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mexico aliyekaririshwa mbuzi, siku atakapomsoma Haliburton, atamhesabu mtu mwenye akili timamu na ghadhabu yake kuwa mwendawazimu.