Kadi rida: namna ya kusoma memori kadi kwa simu janja bila kupoteza vilivyomo

Simu ikiingia maji au kioo kikipasuka, mara nyingi memori kadi iliyokuwa ndani hubaki nzima. Picha za harusi, sauti ya babu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki na vipindi vya redio ulivyohifadhi bado vimo. Tatizo ni kwamba simu janja nyingi za siku hizi hazina sehemu ya kuweka memori. Hapo ndipo kadi rida inapohitajika.

Chukua mfano wa familia yenye ndugu Chang'ombe, wilayani Temeke, na wengine kijijini mkoani Lindi. Shughuli imefanyika Chang'ombe na video zimejaa kwenye memori. Kuzituma kwa intaneti kunakula bando kubwa, kwa hiyo memori inawekwa kwenye bahasha na kukabidhiwa ndugu anayepanda basi la Barabara ya Kilwa. Ikifika kijijini, simu janja moja na kadi rida moja vinatosha watu wote kutazama. Lakini kubonyeza vibaya mara moja tu kunaweza kufuta kila kitu.

Kadi rida ni nini?

Ni kifaa kidogo. Upande mmoja unaingia memori, upande wa pili unachomekwa kwenye tundu la chaji la simu. Memori za simu huitwa microSD na zina ukubwa wa ukucha, yaani milimita 15 kwa 11. Memori za kamera, SD, ni kubwa zaidi. Kadi rida nyingi zina matundu ya aina zote mbili.

Kabla ya kununua, angalia tundu la chaji la simu yako. Tundu la duara bapa, ambalo waya unaingia upande wowote, ni Taipu C. Lile la zamani lenye upande mmoja tu wa kuchomeka ni maikro USB. Nenda na simu yako dukani na uijaribu palepale.

Simu yangu itaikubali?

Simu lazima iwe na uwezo unaoitwa OTG, yaani iweze kuendesha kifaa kilichochomekwa. Simu nyingi za Android zinao. Kwa baadhi ya simu, zikiwemo za OPPO na realme, huenda ukalazimika kuiwasha OTG kwenye mipangilio, na hujizima yenyewe isipotumika kwa muda. iPhone 15 na zilizofuata zina Taipu C. Za kabla yake zinahitaji kadi rida yenye kichwa cha Lightning.

Hatua kwa hatua

1. Chaji simu kwanza. Kadi rida inatumia umeme wa simu, na tundu la chaji litakuwa limezibwa.
2. Ingiza memori kwenye kadi rida, kisha chomeka kadi rida kwenye simu.
3. Fungua programu ya mafaili. Memori itaonekana kama hifadhi ya USB.
4. Chagua unachotaka, kisha nakili. Usihamishe, kwa sababu kifaa kikichomoka katikati faili linaweza kuharibika.
5. Fungua mafaili uliyonakili uhakikishe yanacheza.
6. Bonyeza kitufe cha kuondoa hifadhi, ndipo uchomoe.

Simu ikikuambia ufomati

Wakati mwingine simu hukuandikia kwamba memori ina hitilafu na inataka kufomatiwa. Usikubali. Kufomati ni kuifanya memori kuwa tupu. Chomoa, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu kwenye simu nyingine au kompyuta.

Ipo sababu moja ambayo wengi hawaijui. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu humruhusu mwenyewe kuifanya memori iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Memori ya namna hiyo hufungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu ileile, na hakuna kadi rida itakayoisoma. Kama simu ya zamani bado inawaka, irudishie memori yake na unakili vitu kutoka humo. Kwa hiyo, usiitupe simu hiyo wala usiiuze kama skrepa kabla hujapata picha zako.

Na kama umefuta picha kwa bahati mbaya, acha kabisa kuitumia memori hiyo. Kufuta ni kama kukata jina la mtu kwenye daftari la wageni huku mwenyewe bado yumo chumbani. Picha hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Mpelekee fundi ikiwa vilevile.

Kitochi au redio haisomi?

Memori iliyosomeka kwenye simu janja inaweza kukataliwa na kitochi, redio ndogo au sabufa. Memori za zaidi ya GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa exFAT, na vifaa vingi vidogo vinajua FAT32 tu. Kwa redio, nunua ya GB 32 au chini yake. Pia vifaa hivyo hucheza zaidi MP3, na sauti za WhatsApp si MP3, hivyo zibadilishe kwanza kwa programu ya simu.

Huhitaji memori kubwa. Saa moja ya kipindi cha redio katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani MB 58. Memori ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 130.

Jihadhari na memori feki. Huandikwa GB 64 wakati uwezo wake halisi ni mdogo, na ikijaa mafaili ya mwisho hayafunguki. Ijaribu mpya kwa kuijaza yote na kufungua mafaili ya mwisho kabla hujaiamini.

Kwa vitu usivyotaka vipotee, weka nakala mbili katika sehemu mbili: moja kwenye simu, nyingine kwenye memori uliyoihifadhi pakavu. Memori ikifika kwa basi, nakili kwanza, ndipo mkae kutazama.