Almasi ya Mwadui na Dawa ya Mawe

Tangu kale watu wamesadiki ya kuwa almasi huponya. Huko Ujerumani, katika karne ya 12, mtawa Hildegard wa Bingen aliandika ya kwamba mtu asiyeweza kufunga aitie kinywani, nayo itampunguzia njaa. Papa Klementi wa Saba, aliyekufa mwaka 1534, yasemekana alinyweshwa na waganga wake unga wa mawe ya thamani, wala hakupona.

Kwetu Shinyanga almasi ya Mwadui ilivumbuliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtu wa Kanada. Naye alikuwa daktari, walakini wa elimu ya miamba, si wa wagonjwa. Mwaka 1947 lilionekana pale jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5, likawa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Lilipokwisha kuchongwa zikabaki karati 23.6 tu.

Basi, ikiwa almasi ni dawa, nani angalipona kuliko mwenye mgodi? Lakini Williamson aliugua saratani ya koo, akafa mwaka 1958, hajatimiza miaka 51.

Almasi ni kaboni, ndugu yake makaa ya jikoni, wala mwili hauwezi kuiyeyusha. Tena unga wa mawe una hatari yake. Kule Geita wapondao mawe ya dhahabu huvuta vumbi lake. Likiisha kukaa mapafuni huyafanya kuwa magumu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa.