Mbwa Mgonjwa wa Holloway



Historia tuliyozoea kusoma shuleni ni ya wafalme, vita na mikataba. Leo tunawaalika mwingie pamoja nasi katika jiko la nyumba moja ya London, mwaka wa 1860, ambamo wanawake wawili walikuwa wakimhudumia mbwa aliyekaribia kufa.

Mwenye nyumba aliitwa Mary Tealby. Alizaliwa mwaka wa 1801, hivyo alikuwa anaelekea miaka sitini, na alikuwa akiishi bila mume wake. Inasimuliwa kwamba rafiki yake, Sarah Major, alimwokota mbwa huyo barabarani, amedhoofika kwa njaa, akamleta kwake. Wakamlisha na kumtunza kadiri walivyoweza. Hata hivyo mbwa akafa.

Nyakati zile mbwa wasio na bwana walikuwa wengi katika barabara za London, na watu waliwaogopa kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana chanjo ya Louis Pasteur ilitumiwa kwa mara ya kwanza kuokoa mtoto aliyeumwa mwaka wa 1885 tu. Basi mbwa mgonjwa alipigwa mawe, alifukuzwa au aliachwa afe mtaroni. Wanawake wale wangeweza kusema: tumejaribu, tumeshindwa, yatosha. Hawakusema hivyo. Walimpokea mwingine, na mwingine tena, mpaka jiko likawa dogo. Mnamo Oktoba 1860, katika mtaa wa Holloway, ikaanzishwa nyumba ya muda kwa ajili ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Ndugu yake Bi Tealby, Edward Bates, mchungaji wa Kianglikana, alimsaidia katika kazi hiyo.

Wengi waliwacheka. Gazeti kubwa la The Times liliidhihaki nyumba hiyo waziwazi. Lakini mwaka wa 1862, jarida la mwandishi Charles Dickens lilichapisha makala iliyolinganisha mikusanyiko miwili ya mbwa: upande mmoja maonyesho ya mbwa wa thamani, walionona na kusifiwa, upande wa pili mbwa wa Holloway, ambao hakuna aliyewataka. Mwandishi aliwaonea huruma hao wa pili. Ukiwa na mbwa anayevutia macho na kuleta faida, kumpenda si kazi ngumu. Huruma hupimwa mbele ya yule asiyeweza kulipa chochote.

Dhihaka ile ilibeba swali ambalo hatupaswi kulikwepa: je, ni haki kumhangaikia mbwa wakati binadamu wanateseka? Sisi tunaoishi katika nchi ambamo jamaa nyingi zimekimbia vita na kulala kambini, tunalo hata sababu zaidi ya kuliuliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatupatia pande zote mbili za jibu. Inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu kunapingana na hadhi ya binadamu mwenyewe; na tena kwamba si vema kutumia kwa ajili yao fedha ambazo zilipaswa kwanza kupunguza taabu ya watu.

Nayo historia inaongeza ushuhuda wake. Chama cha Uingereza cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama kilianzishwa London mwaka wa 1824, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo William Wilberforce, aliyepigana kwa miaka mingi na biashara ya watumwa. Huko Philadelphia, Marekani, Caroline Earle White, binti wa mwanasheria aliyepinga utumwa, aliingia katika Kanisa Katoliki mwaka wa 1856. Alisaidia kuanzisha chama cha kuwatetea wanyama katika jimbo lake mwaka wa 1867. Lakini kwa kuwa wanawake hawakupewa nafasi ya uongozi, aliunda tawi la wanawake mwaka wa 1869. Wanawake hao ndio walioleta huko Marekani nyumba ya kuwapokea mbwa waliookotwa, badala ya kuwaacha wauawe kikatili. Na mwaka wa 1874, mtoto msichana aliyepigwa na walezi wake huko New York aliokolewa kwa msaada wa Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kutetea wanyama. Baada ya hapo kikaanzishwa chama cha kuwalinda watoto. Mikono iliyozoea kumwinua mbwa haikusahau kumwinua mtoto.

Leo nyumba za namna ile ziko katika nchi nyingi, lakini hata ndani yake kuna mbwa wanaobaki nyuma. Ni wazee na wagonjwa: meno yameoza, viungo vinauma, moyo au figo vimechoka. Watu wanaokuja kuchagua hupenda watoto wa mbwa. Kwa ajili ya hao wazee, upo utaratibu wa malezi ya muda: nyumba ya mbwa mara nyingi hugharimia matibabu, na jamaa fulani humpokea mbwa nyumbani, humpa dawa kwa saa zake, humtandikia mahali pakavu mbali na kelele. Huko San Francisco, tangu mwaka wa 2007, kuna shirika la Muttville linalowashughulikia mbwa wenye umri wa miaka saba na zaidi. Baadhi hupona na kupata makao ya kudumu. Wengine hufa mikononi mwa walezi wao, kama yule wa jikoni mwa Bi Tealby.

Kwetu nyumba za namna hiyo ni adimu. Lakini mbwa mzee yupo uani. Amelinda mlango miaka kumi, amebweka usiku tulipokuwa tumelala; sasa haoni vizuri, ana vidonda, nasi tunamfukuza kwa fimbo. Kumpa maji, kivuli, chakula laini na kumwita daktari wa mifugo tunapoweza, hakumnyang'anyi maskini mkate wake. Tuwe pia na busara: tusimguse kwa mikono mbwa mgonjwa tusiyemjua, na mbwa wetu wapate chanjo. Anayeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Wahenga walisema: tenda wema, nenda zako. Mary Tealby alifariki mwaka wa 1865. Hakuiona nyumba yake ikihamia Battersea mwaka wa 1871, mahali ilipo hata sasa. Mbwa wa kwanza hakupona, na mwanamke aliyempokea hakuona mavuno. Hata hivyo mlango waliouacha wazi haujafungwa. Basi, ndugu vijana, tutakaporudi nyumbani leo, tumtazame yule aliyelala uani, na tujiulize tangu lini hatujamwekea maji.