Mlo wa mtoto wa shule (Masasi na Newala)

Mlo wa mtoto wa shule ni chakula cha mwanafunzi wa awali na wa madarasa ya chini, pamoja na mazoea ya kujihudumia: kunawa, kumega tonge, kutosheka, na kujua kipi kinaliwa na kipi hakiliwi. Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ya muhogo.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma. Masasi iko magharibi, chini, kati ya vilima vya mawe. Kote huko mtoto huujua muhogo kabla hajajua kusoma. Ule mtamu hutafunwa mbichi njiani. Mchungu hutoa sayanidi, nao ukiliwa bila kusindikwa vizuri huleta kizunguzungu na kutapika. Ukiwa ndio mlo wa wiki nyingi pasipo protini ya kutosha, husababisha konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona, ambao huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mkoa wa Mtwara umewahi kuwa na wagonjwa wake. Kwa hiyo mtoto afundishwe mapema: muhogo wa shamba usilolijua usiutafune, muulize bibi kwanza.

Unga wa muhogo nao hupunguzwa sumu kwa njia ya mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia. Hulowanishwa kwa maji, hutandazwa mwembamba, huachwa juani kwa muda wa saa 2 au kivulini kwa muda wa saa 5, kisha husongwa ugali siku hiyohiyo.

Kinachoukamilisha ugali huo kipo shambani: mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, na kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sana. Korosho, yenye protini na mafuta mengi, huishia karibu yote kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Inasikitisha, maana chache tu zingebaki jikoni zingemfaa mtoto sana. Kubangua ni kazi ya wakubwa, kwani mafuta ya ganda huunguza midomo na vidole. Bibo, ambalo huangukia chini ya mkorosho na kuozea hapo, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Kujilisha huanzia kwenye sinia. Mtoto wa miaka sita hufinya tonge kubwa mno, likameguka, mchuzi ukamtiririka hadi kiwikoni. Wakati huo kaka zake wameshamaliza mboga. Heri apakuliwe sahani yake, mama aone amekula kiasi gani, na aachwe ahangaike na tonge lake bila kulishwa. Uwandani maji ni ya shida, maana mchanga huyanyonya yote, hivyo kibuyu chirizi kinafaa: dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa, likiinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Mtoto hunawa bila msaada, kwa maji kidogo.

Shuleni, uji hutegemea michango ya wazazi. Mahali ambapo haijatimia, mtoto hushinda na alichokula alfajiri. Mzazi, mfungie karanga za kuchemsha, na umwoneshe namna ya kunawa kabla hajazimenya.