Sabu wa Mysore: Mtoto wa Ndovu Aliyevuka Bahari

Ndugu Mhariri ameniomba makala ya historia kwa ajili ya toleo la mkutano wetu wa mwaka huu, na kwa wema wake akaniachia nichague mwenyewe. Kaka zangu mlionitangulia hapa shuleni, na wadogo zangu mlioko madarasani, huenda mkashangaa kuona kwamba sikuchagua mfalme, jemadari wala kiongozi wa chama. Nimechagua mchezaji wa sinema. Alitoka kwao India akiwa mtoto, akapata sifa duniani kabla hajaota ndevu, akafa Marekani akiwa na umri wa miaka 39. Jina lake lilikuwa Sabu.

Sababu yangu ni hii. Kila ninapokutana na wanafunzi wa siku hizi, wengi huniuliza habari za kwenda ng'ambo: kusoma, kucheza mpira, kuimba, kuigiza. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa mafaili. Mtu wa mafaili hujifunza jambo moja mapema: maneno yaliyoandikwa juu ya jalada humfuata mtu kuliko yale yaliyomo ndani. Maisha ya Sabu yanaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko maisha ya mtu mwingine yeyote ninayemfahamu katika historia ya sinema.

Utoto katika mazizi ya ndovu

Sabu alizaliwa tarehe 27 Januari 1924 huko Karapur, kijiji kilichokuwa katika dola ya Mysore, kusini mwa India. Wakati huo Waingereza walitawala India, lakini Mysore ilikuwa na mfalme wake, Maharaja, aliyekuwa chini ya ulinzi wao. Misitu ya upande ule ilikuwa na ndovu wengi wa mwituni, na Maharaja alikuwa na mazizi makubwa ya ndovu waliofugwa kwa kazi na kwa sherehe. Baba yake Sabu alikuwa mmoja wa watunza ndovu hao. Kazi hiyo hurithiwa: mtoto hukua pamoja na mnyama, akajua kumpanda, kumwogesha na kumwamrisha. Sabu alifiwa na wazazi wake angali mdogo, akabaki katika mazizi hayo hayo.

Mwaka 1935 alifika Mysore Robert Flaherty, Mmarekani aliyekwisha kupata jina kwa sinema yake Nanook of the North ya mwaka 1922, iliyohusu maisha ya watu wa nchi za barafu. Alitumwa na Alexander Korda, tajiri wa sinema mjini London, ili apige picha hadithi ya Rudyard Kipling ya mtoto na ndovu wake. Flaherty hakuwa na desturi ya kuwavika waigizaji wa mjini mavazi ya watu wa porini. Alitafuta watu wenyewe. Ndivyo alivyopatikana yatima wa mazizini, mwenye miaka kumi na mmoja hivi, mchangamfu, asiyeogopa mnyama wala kamera.

Flaherty alipiga picha nyingi mno bila kumaliza hadithi, na Korda akachoka kungoja. Mwaka 1936 kundi zima liliitwa Uingereza, na Sabu akapandishwa meli pamoja na kaka yake. Sehemu zilizosalia zilipigwa katika studio za Denham karibu na London, zikiongozwa na Zoltan Korda, mdogo wake Alexander. Mtoto hakuwa akijua Kiingereza. Alilazimika kujifunza lugha huku akiigiza. Sinema ilitoka mwaka 1937 kwa jina la Elephant Boy, yaani Mtoto wa Ndovu, na Flaherty na Zoltan Korda wakapewa tuzo ya waongozaji bora katika tamasha la Venice. Lakini watazamaji hawakuwa wakizungumza habari za waongozaji. Walimzungumza mtoto.

Hapo ndipo jalada lake lilipoandikwa: Mtoto wa Ndovu.

Mtu wa Korda

Yafaa tuwaangalie vizuri hao waliomchukua. Ndugu wa Korda walikuwa wahamiaji wenyewe, Wahungaria waliohamia London. Pamoja na hayo, sinema zao nyingi zilisifu himaya ya Uingereza. Mwaka 1935 walitoa Sanders of the River, habari za mkuu wa wilaya wa Kizungu anayewatuliza Waafrika kama baba atulizavyo watoto watundu. Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi, alicheza humo, kisha akaikana sinema hiyo alipoona ilivyotengenezwa. Na miongoni mwa Waafrika waliolipwa kusimama mbele ya kamera kama watu wa machifu alikuwapo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya aliyekuwa akiishi London kwa shida. Jina lake Jomo Kenyatta.

Sabu naye alikutana na jambo kama hilo. Mwaka 1938 alicheza The Drum kama mwana wa mfalme katika mpaka wa kaskazini-magharibi mwa India, anayeshirikiana na Waingereza kuzima uasi. Sinema ilipofika Bombay na Madras, wananchi walifanya maandamano kuipinga, hata ikaondolewa. Hiyo ilikuwa India ya Gandhi na Nehru, na watu walikwisha choka kuonyeshwa kwamba Mhindi mwema ni yule anayemtumikia mgeni.

Wako wanaosema kwamba Sabu alikuwa kibaraka. Mimi siafiki. Alikuwa mtoto wa miaka 14, yatima, katika nchi ya watu, chini ya mkataba ulioandikwa na watu wazima kwa lugha aliyokuwa akijifunza. Lawama ya kibaraka humfaa mtu aliyekuwa na njia mbili akachagua mbaya. Sabu hakuonyeshwa njia ya pili.

Mwizi wa Baghdad

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni The Thief of Bagdad ya mwaka 1940. Tulionyeshwa sinema hiyo Jumamosi moja katika bwalo la chakula, nikiwa kidato cha pili, na nakumbuka bwalo zima lilinyamaza zimwi lilipotoka chupani. Kwa sisi tuliokuzwa kwa hadithi za Alfu Lela Ulela, ilikuwa kama kuona maneno ya bibi yakisimama na kutembea.

Sabu anacheza kama Abu, mwizi mdogo wa sokoni anayemsaidia mfalme aliyepinduliwa. Kazi ilianza Uingereza. Vita vilipozuka Septemba 1939 ikahamishiwa Marekani, na sehemu nyingine zikapigwa katika majabali ya Grand Canyon. Anayecheza kama waziri mwovu ni Conrad Veidt, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya Wanazi. Zimwi ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Basi tazameni: Wahungaria, Mjerumani mkimbizi, Mmarekani mweusi na yatima wa Mysore, wote wageni wa namna fulani, wakitengeneza hadithi ya Baghdad. Ilipata tuzo tatu za Oscar, kwa picha za rangi, kwa mapambo ya jukwaa na kwa vitimbi vya macho. Mwishoni Abu anaahidiwa elimu na uwaziri, naye anaruka na zulia kwenda kutafuta mambo mapya. Katika sinema, mtoto huyo aliweza kukataa kupangiwa maisha.

Nje ya sinema haikuwa hivyo. Mwaka 1942 alicheza kama Mowgli katika Jungle Book, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu. Kisha kampuni ya Universal ilimtia katika mfululizo wa hadithi za kubuni za nchi za mbali: Arabian Nights ya 1942, White Savage ya 1943, Cobra Woman ya 1944. Katika zote alikuwa rafiki mdogo wa shujaa, kifua wazi na kilemba kichwani. Umri ulikuwa ukienda, mavazi hayakubadilika.

Mgeni apewa jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alilopewa Sabu lilikuwa bunduki. Januari 1944 alipata uraia wa Marekani, akatumika katika jeshi la anga kama mpiga bunduki wa ndege kubwa za mabomu aina ya B-24 Liberator, katika vita vya Pasifiki dhidi ya Wajapani. Nafasi ya mpiga bunduki wa mkiani ni ya upweke na hatari: hukaa peke yake mwisho wa ndege, akitazama nyuma, naye ndiye humwona kwanza adui afuataye. Aliruka katika mashambulizi mengi na akatunukiwa nishani ya ushujaa ya Distinguished Flying Cross.

Msomaji wa sheria na ajue pia jambo hili. Mwaka 1923 mahakama kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Bhagat Singh Thind, kwamba Mhindi si mtu mweupe na kwa hiyo hawezi kuandikishwa uraia. Thind mwenyewe aliwahi kuwa askari wa Marekani. Ni mwaka 1946 tu sheria ilipowafungulia Wahindi mlango huo kwa jumla. Hivyo Sabu alivaa sare ya nchi ambayo bado ilikuwa ikiwanyima uraia wengi wa ndugu zake.

Aliporudi vitani aliitwa Uingereza na Michael Powell na Emeric Pressburger kucheza Black Narcissus, iliyotoka mwaka 1947, ule ule India ilipopata uhuru. Ni habari za masista wa Kizungu katika milima ya Himalaya. Sinema ni nzuri sana, nayo ilipata tuzo mbili za Oscar. Lakini milima yote ilitengenezwa Uingereza, na msichana wa Kihindi anayependwa na Sabu ni Jean Simmons, Mwingereza, aliyepakwa rangi ya kahawia. Mhindi halisi alikuwa na umri wa miaka 23, shujaa wa vita, nao bado walimkabidhi vito na hariri.

Miaka ya jioni

Mwaka 1948 alioa mchezaji mwenzake, Marilyn Cooper, wakajaliwa watoto wawili. Majirani zake huko California walimjua kama baba wa nyumba na mtu wa biashara. Kazi za sinema zilipungua na ubora wake pia. Mwaka 1952 alicheza nchini Italia pamoja na Vittorio De Sica katika sinema ambayo, jamani, ilihusu tena ndovu. Mehboob Khan wa Bombay alimfikiria kwa nafasi kubwa katika Mother India, iliyotoka mwaka 1957 na kupendwa mno, lakini nafasi ikaenda kwa Sunil Dutt. Basi mtu aliyejulikana duniani kote kama sura ya India hakupata kucheza hata sinema moja iliyotengenezwa na Wahindi wenyewe.

Sabu alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 2 Desemba 1963. Sinema yake ya mwisho, A Tiger Walks, ilionyeshwa mwaka 1964 akiwa kaburini.

Siku kumi baada ya kifo chake, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipata uhuru, na aliyeiongoza serikali yake alikuwa yule mwanafunzi wa London aliyewahi kulipwa na ndugu wa Korda. Sisemi hivi kumwinua mmoja na kumdharau mwingine. Kenyatta alikuwa mtu mzima aliyepita mbele ya kamera kwa siku chache ili apate kodi ya nyumba, kisha akarudi kwenye kalamu yake. Mwaka 1938, mwaka wa The Drum, alitoa kitabu Facing Mount Kenya, akieleza mila za Wagikuyu kwa maneno yake mwenyewe. Mmoja alisemewa habari za watu wake, mwingine alizisema. Tofauti kati yao ilikuwa ni umri na elimu, na nani aliyeshika kalamu, wala haikuwa kipaji.

Wadogo zangu, yako mambo mawili ninayotaka mchukue hapa. La kwanza, msiogope kusafiri. Sabu hakufanya kosa kuondoka Karapur, na kule alikokwenda aliishi kwa heshima: hakuikimbia vita, hakuitelekeza familia. La pili, mtu anayekusifu kwa jambo moja anaweza kukufungia humo humo maisha yako yote, wala si lazima awe na nia mbaya. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, isome mpaka mwisho, na uulize imeandikwa nini juu ya jalada.

Nasi wakubwa tuna wajibu wetu. Mtoto mwenye kipaji aondokapo peke yake, bila mkubwa wa kumsomea mkataba, hatuna haki ya kumwita kibaraka miaka ishirini baadaye. Katika chama chetu hiki wamo wanasheria, waalimu, wahasibu na watu wa ofisi kama mimi. Majina yetu yako kwa katibu wa chama. Kijana yeyote wa shule hii mwenye karatasi mkononi na atutafute kabla hajatia sahihi, nasi tutaketi naye tuisome.